Amsterdam–Lisbon kwa ndege: kwenda saa 2, kurudi saa 4? Na umbali halisi ni upi?

Kigogo_Utrecht

Wadau, habari za jioni. Nataka kukata tiketi za watu wanne, Amsterdam kwenda Lisbon na kurudi, katikati ya mwezi wa saba. Kabla sijatoa hela naomba mnisaidie kuzisoma namba hizi, maana kila ninapogusa zinagongana.

Umbali: tovuti moja inasema km 1,847, nyingine km 1,864, ya tatu inanipa kama km 2,250. Ipi ni ipi?

Muda: tiketi ya kwenda inaonyesha kuondoka 12:10 na kufika 14:15. Ya kurudi, kuondoka 15:05 na kufika 19:00. Kampuni ileile, aina ileile ya ndege, moja kwa moja. Kwenda saa mbili na dakika tano, kurudi karibu saa nne. Ni upepo gani huo?

Tena mmoja wetu ni dada anayetoka Dar, ndege yake inatua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, saa moja asubuhi ya siku hiyohiyo, kwa tiketi yake mwenyewe. Je, ataiwahi hii ya 12:10 bila presha? Na sisi tunaotokea Utrecht tutenge saa ngapi, mlango wa nyumba hadi katikati ya Lisbon?

Kikokotoo

Rahisi tu mkuu. Ndege inakwenda km 900 kwa saa. 1,847 gawa kwa 900 unapata saa 2 na dakika 3. Ya kwenda iko sawa kabisa. Hiyo ya kurudi itakuwa na kituo katikati, ichunguze vizuri, ndiyo maana bei poa.

Dira_ya_Saa

Kikokotoo, jibu lako limeangukia jirani na tiketi kwa bahati tu. Hakuna kituo hapo. Saa zote kwenye tiketi huandikwa kwa saa za mji husika: ya kuondoka ni saa ya Amsterdam, ya kufika ni saa ya Lisbon. Lisbon iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja, mwaka mzima. Miji yote miwili husogeza saa kwa wakati mmoja, saa 01:00 ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo hakuna wiki ambayo tofauti hiyo inabadilika.

Geuza kila kitu kiwe UTC utaona. Mwezi wa saba Amsterdam ni UTC+2, Lisbon ni UTC+1.

Kwenda: 12:10 inakuwa 10:10, na 14:15 inakuwa 13:15. Ni saa 3 na dakika 5.
Kurudi: 15:05 inakuwa 14:05, na 19:00 inakuwa 17:00. Ni saa 2 na dakika 55.

Tofauti ya kweli ni dakika 10, si saa mbili. Hizo dakika 10 ndizo za upepo na foleni za ardhini, wataalamu wa njia watakueleza.

Kwa atakayekuwa Dar akisubiri simu: mwezi wa saba Afrika Mashariki iko mbele ya Amsterdam kwa saa moja na mbele ya Lisbon kwa saa mbili. Ndege ya 12:10 inaondoka saa saba na dakika kumi mchana za Dar, inafika saa kumi na robo jioni. Msimu wa baridi ongeza saa moja kwa kila mji. Na ukimsomea mtu tiketi kwa simu, mtajie tarakimu zilivyoandikwa, "sifuri saba sifuri sifuri", kisha useme asubuhi. Ukimwambia "saa saba" peke yake, atajitokeza uwanjani mchana.

Kitu cha kuangalia kwenye kalenda ya simu: ukiingiza safari kwa mkono bila kuweka kanda ya saa ya kila mji, ukishatua Lisbon simu itazisogeza nyuma zile saa za kurudi ulizoziandika ukiwa Utrecht. 15:05 inageuka 14:05. Hapo utawahi tu, hakuna hasara. Balaa ni aliyeandika ratiba yake akiwa Lisbon kisha akaisomea Amsterdam: ndege ya 15:05 simu inamwonyesha 16:05.

Ramani_Mezani

Nichukue la umbali.

Km 1,847 ni kutoka uwanja wa Schiphol hadi uwanja wa Humberto Delgado wa Lisbon, kwa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Km 1,864 ni hesabu ileile ila imepimwa kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji: Schiphol iko kusini-magharibi ya Amsterdam, upande uleule wa kuelekea Lisbon, na uwanja wa Lisbon uko kaskazini ya katikati ya mji wake, ndipo km 17 zinapopungua. Km 2,250 ni barabara, kupitia Ubelgiji, Paris, Bordeaux na Hispania. Zote tatu ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake. Kwa mambo ya ndege shika 1,847, ambazo ni kama maili za bahari 997.

Ukitaka kuipata mwenyewe bila tovuti, unahitaji kikokotoo chenye sin na cos. Schiphol iko latitudo 52.3086 kaskazini, longitudo 4.7639 mashariki. Lisbon iko 38.7742 kaskazini, 9.1342 magharibi. Lisbon iko upande wa pili wa mstari wa Greenwich, kwa hiyo longitudo unajumlisha, hutoi: 4.7639 + 9.1342 = 13.8981. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanatoa, wanapata nyuzi 4.37, kisha wanashangaa umbali umepungua hadi kama km 1,540.

Sasa: sin ya latitudo ya kwanza mara sin ya pili, 0.7913 × 0.6263 = 0.4956. Kisha cos ya kwanza mara cos ya pili mara cos ya tofauti ya longitudo, 0.6114 × 0.7796 × 0.9707 = 0.4627. Jumla 0.9583. Bonyeza cos kinyume, unapata nyuzi 16.6. Ukibaki na desimali zote bila kukata ni 16.61. Kila nyuzi moja ni km 111.19, zidisha, unapata 1,847. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye nyuzi, si radiani.

Mstari huo unapita karibu na Ghent, Amiens na Le Mans, unaingia Ghuba ya Biscay, unatokea pwani ya Hispania kati ya Santander na Gijón, unapita jirani na León na Bragança, kisha unashuka hadi Lisbon. Katikati ya safari upo juu ya maji, kama km 100 na kitu kutoka pwani ya Ufaransa.

Mpanga_Njia

Ramani kasema kweli, ila hakuna ndege inayoruka km 1,847 kamili. Chukua asilimia 4 au 5 juu yake, tuseme km 1,920, kwa sababu ndege hupaa kwa njia maalumu ya kutokea uwanjani, hufuata vituo vya njia vilivyopangwa, na hushuka kwa njia maalumu ya kuingilia. Kikokotoo alikosea hapo, na pia kwenye 900. Ndege za njia hii ni za ukubwa wa Airbus A320 au Boeing 737. Kasi yake ya kawaida ikiwa juu ni Mach 0.78, yaani asilimia 78 ya kasi ya sauti, ambayo kwenye futi 36,000 ni kama km 830 kwa saa, tena ndani ya hewa. Kasi ya ardhini ni kitu kingine, inategemea hewa yenyewe inaelekea wapi.

Ivunje safari vipande.

Kusukumwa kutoka getini na kujiburuza hadi njia ya kurukia, Schiphol: dakika 10 hadi 20. Njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, iko mbali na majengo kiasi kwamba abiria wageni hudhani wanapelekwa Lisbon kwa barabara. Tena Polderbaan hurushia kuelekea kaskazini tu, yaani unaanza kwa kuipa Lisbon mgongo kisha unageuka. Upepo ukitoka kusini-magharibi hutumika Kaagbaan, ambayo iko jirani zaidi na inakuelekeza moja kwa moja unakokwenda. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya dakika 10 hivi, na abiria huwezi kuchagua.

Kupanda hadi futi 36,000: kama dakika 22, ukiwa umekula km 220. Kushuka: dakika 28 hivi, km 210. Zinabaki km 1,490 za kwenda sawa.

Hapo ndipo upepo unapoingia. Ulaya upepo wa juu kwa kawaida hutoka magharibi. Lakini njia hii inaelekea kusini-magharibi, kama nyuzi 220, kwa hiyo si upepo wote unaokupiga usoni. Upepo wa km 100 kwa saa kutoka magharibi kamili unakuwa mbisho wa kama km 64 tu, uliobaki unasukuma ubavuni na rubani anaurekebisha kwa kuelekeza pua kidogo upande. Tuweke km 60. Kwenda: 830 toa 60 ni 770, km 1,490 zinakwisha kwa saa 1 na dakika 56. Kurudi: 830 jumlisha 60 ni 890, saa 1 na dakika 40.

Jumlisha kwenda: 15 za kujiburuza + 22 + 116 + 28 + 5 za kuingia getini Lisbon = dakika 186, saa 3 na dakika 6. Kurudi: 10 + 22 + 100 + 28 + 10 = dakika 170, saa 2 na dakika 50. Linganisha na tiketi yako. Dakika zinazozidi hapo kampuni imeweka akiba, isije ikaandikwa imechelewa.

Majira ya baridi ule mkondo wa upepo wa juu ukikaza na mbisho ukafika km 150 kwa saa, kipande cha kati pekee kinakuwa saa 2 na dakika 11. Kwa mwezi wa saba hiyo si hofu yako.

Kikokotoo

Nimekupata mkuu. Ila ndege ikichelewa kuondoka si rubani anakanyaga tu mafuta, anafidia angani?

Mpanga_Njia

Anafidia kidogo mno. Toka Mach 0.78 hadi 0.80, kwenye zile km 1,490 unaokoa kama dakika 3. Mafuta yanaongezeka na faida haionekani. Kinachofidia kweli ni kukatishiwa njia: waongoza ndege wakikuruhusu uende kituo cha mbele moja kwa moja badala ya kufuata kona zote. Usiku, anga ikiwa na ndege chache, hilo hutokea sana. Mchana wa Julai, sahau.

Niongeze la Lisbon kwa sababu watu huliona dirishani na kudhani ndege imepotea. Uwanja ule unatumia njia moja ya kurukia na kutua, inayoitwa 02 ukiiendea kuelekea kaskazini na 20 ukiiendea kuelekea kusini. Ndege hutua ikiukabili upepo. Kiangazi pwani ya Ureno huvuma upepo wa kaskazini, Wareno wanauita nortada, hasa mchana na jioni. Kwa hiyo ndege inayotoka Amsterdam, yaani inayotoka kaskazini, inaupita mji, inakwenda kusini ng'ambo ya mto Tagus, inageuka, ndipo inatua kuelekea kaskazini ikipita juu ya mapaa ya nyumba. Hesabu dakika 8 hadi 10 za ziada. Aliye dirishani huenda akaliona daraja jekundu la 25 de Abril. Upepo ukiwa wa kusini unaingia moja kwa moja na huoni kitu.

Na jambo kubwa linaloharibu ratiba ya njia hii ni Ufaransa. Karibu nusu ya safari iko kwenye anga yake. Waongoza ndege wa huko wakigoma, au dhoruba za radi zikisimama mchana wa kiangazi, kituo cha Eurocontrol, kinachoratibu msongamano wa ndege Ulaya, kinaipa kila ndege dakika yake ya kuruka, na ruhusa ni kuanzia dakika 5 kabla hadi 10 baada. Ukiikosa unaomba nyingine. Ndiyo maana mnaweza kufungiwa mlango, mikanda imekazwa, na ndege isisogee dakika 50: rubani anasubiri zamu, na akiwa amefunga mlango anaweza kuitikia haraka zamu ikisogezwa mbele. Njia ya kuikwepa Ufaransa ipo, kupitia kusini mwa Uingereza na kushukia Atlantiki magharibi ya Brittany, ila ni kama km 300 zaidi, dakika 20 hadi 25, na mafuta yake yapangwe kabla ya kuondoka.

Kigogo_Utrecht

Mpanga_Njia na wenzako, asanteni sana, sasa naelewa. Bado la dada wa Dar, na la mlango kwa mlango.

Bi_Mizigo

La dada ndilo zito kuliko yote hapa, kaka, usilichukulie kama la upepo.

Akiwa na tiketi moja Dar–Amsterdam–Lisbon, mzigo unaandikwa hadi Lisbon, yeye anapita ukaguzi na dirisha la pasipoti Schiphol, anakwenda geti jipya. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni inawajibika kumtafutia nyingine. Wewe umesema ana tiketi yake mwenyewe. Tiketi mbili zisizojuana maana yake: anapita uhamiaji Schiphol, anakwenda mkandani kuchukua mabegi, anatoka nje ukumbi wa kuwasili, anapanda ukumbi wa kuondokea, anakabidhi mabegi upya, anakaguliwa upya. Ndege ya kwanza ikichelewa saa nne, ya pili inamwacha na hela imekwenda.

Kutua saa moja asubuhi na kuruka 12:10 ni saa tano na dakika kumi. Kwa siku ya kawaida zinatosha, na hata ndege ikichelewa saa moja na nusu bado ana nafasi. Chini ya saa nne kwa tiketi mbili nisingemshauri mtu. Asubuhi ndege za masafa marefu hutua kwa mafungu, na foleni ya pasipoti za nje ya Ulaya huwa ndefu. Tangu 12 Oktoba 2025 pia wameanza mfumo mpya wa mpakani wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri, na mtu anayesajiliwa mara ya kwanza anachukua muda zaidi. Ninyi mnaoishi Uholanzi kwa kibali cha ukaazi hamumo kwenye usajili huo, lakini bebeni pasipoti pamoja na kadi. Kati ya Amsterdam na Lisbon hakuna dirisha la uhamiaji kwa sababu zote ni Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, ila kampuni inaweza kudai kitambulisho getini.

Viza yake: kama lengo kuu la safari ni Ureno, aombe kwa Ureno, hata kama anaingilia Amsterdam. Schiphol ndiko atakakoulizwa, kwa hiyo tiketi ya Lisbon, ya kurudi Dar, na karatasi ya mahali pa kulala ziwe mkononi, si ndani ya begi lililokwenda chini ya ndege. Kutoka Amsterdam kwenda Lisbon hakuhesabiwi kuwa ametoka, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja inatosha, mradi kurudi kwake kusipitie London halafu arudi tena Schengen.

Mzigo sasa. Ndege za Afrika mara nyingi zinaruhusu begi kubwa la kilo 23, nyingine hata mawili. Tiketi nafuu ya ndani ya Ulaya mara nyingi inaruhusu kibegi kimoja tu cha kuingia chini ya kiti, kipimo cha kama sentimita 40 × 30 × 20. Atafika na begi la kilo 23 la dagaa, unga na vitenge, aambiwe alipie kaunta kwa bei ya kukata ini. Lipia begi lake mtandaoni wakati uleule unapokata tiketi, na usome kilo, maana kampuni nyingine zinauza begi la kilo 15 au 20 na kila kilo inayozidi ina bei yake. Kwa watu wanne, nunueni mabegi mawili ya kilo 23 mgawane, hakuna ulazima wa kila mtu na lake.

Mlango kwa mlango: treni ya Utrecht Centraal hadi Schiphol ni kama nusu saa, kituo kiko chini ya uwanja wenyewe. Muwe uwanjani saa mbili kabla, 10:10, kwa hiyo mtoke nyumbani 9:15. Kukabidhi mabegi hufungwa dakika 40 hadi 60 kabla kulingana na kampuni. Kutoka ukaguzi hadi mwisho wa geti za C kwa miguu na watoto ni dakika 15. Lisbon mabegi hutoka ndani ya dakika 20 hadi 40. Kisha metro, laini nyekundu inaanzia hapohapo uwanjani. Mnabadilisha Alameda mnachukua ya kijani hadi Rossio, kama nusu saa yote. Kila mtu anahitaji kadi yake, ni senti 50, hamuwezi kutumia moja watu wanne kwa nauli ya safari mojamoja. Mtakuwa Rossio kwenye 15:40 za Lisbon, ambazo ni 16:40 za Utrecht. Yaani saa saba na nusu hivi, na angani mlikaa saa mbili na dakika arobaini na kitu.

Siku ya kurudi angalia kadi ya kupandia imeandikwa Terminal 1 au 2. Ya 2 ni ya kuondokea tu, ya ndege za bei nafuu, na metro haifiki hapo: mnashuka ya 1 na kuchukua basi la bure. Ongeza dakika 20.

Kanuni261

Kuna sababu moja ambayo ule umbali wa 1,847 una thamani ya fedha, na hakuna aliyeigusa.

Kanuni ya Ulaya namba 261 ya 2004 inapanga fidia ya abiria kwa umbali, na umbali wenyewe unapimwa kwa duara kuu, ile hesabu ya Ramani_Mezani, si km zilizorukwa. Hadi km 1,500 ni euro 250 kwa kila abiria. Ndani ya Umoja wa Ulaya zaidi ya km 1,500 ni euro 400. Lisbon iko daraja la 400. Madrid, ambayo watu huiona iko mbali vilevile, ni km 1,460 kutoka Schiphol, kwa hiyo ni 250. Km 40 zimewanyima euro 150 kila mmoja.

Fidia inaanza ndege ikifika na kuchelewa saa 3 au zaidi, na "kufika" ni pale mlango mmoja wa ndege unapofunguliwa, si magurudumu yanapogusa lami. Kwa tiketi yako mstari ni 17:15 za Lisbon. Mkitua 17:08 na mlango ukafunguliwa 17:17, mmevuka. Piga picha ya saa ya simu mlango ukifunguka, kampuni nyingi hujibu kwa kutumia saa ya kutua.

Kwa safari ya kuunganisha kwenye tiketi moja, kinachopimwa ni mwanzo hadi mwisho. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo 2017, kwenye safari ya Roma kwenda Hamburg kupitia Brussels. Anayekwenda Madrid kwa kupitia Lisbon anaruka zaidi ya km 2,300, lakini fidia yake bado ni ya km 1,460.

Mgomo wa waongoza ndege na hali mbaya ya hewa ni nje ya uwezo wa kampuni, hapo fidia hakuna. Ubovu wa kawaida wa ndege si kisingizio. Lakini chakula na vinywaji ni haki yako kwa sababu yoyote ile, na kwa umbali huu vinaanza kudaiwa ndege ikitarajiwa kuchelewa saa 3 kuondoka. Safari ikisogezwa hadi kesho yake, hoteli na usafiri wa kwenda huko ni juu yao. Wakikuambia jitafutie, tunza risiti.

La dada: tiketi mbili ni safari mbili. Kila moja inahesabiwa peke yake. Kama angekuwa na tiketi moja Dar hadi Lisbon ya kampuni ya Ulaya, umbali ungezidi km 3,500 na daraja lingekuwa euro 600. Na ndege inayoondokea Dar ikiwa ya kampuni isiyo ya Ulaya, kipande hicho hakiguswi kabisa na kanuni hii.

Kigogo_Utrecht

Bi_Mizigo umeniokoa, begi la dada sikuwa nimelifikiria kabisa. Kuna ndege nyingine ya 18:40, nafuu kwa euro 35 kila mtu. Nihamie hiyo tumpe dada nafasi zaidi?

Mpanga_Njia

Kwa dada ni nzuri, kwa ratiba ni mbaya. Ndege moja huzunguka safari nne, tano kwa siku, na ucheleweshaji wa asubuhi unarundikana hadi jioni. Ya 18:40 mwezi wa saba huwa inasubiri ndege ambayo bado iko njiani kutoka mji mwingine. Ratiba yake itakufikisha kwenye 20:45 za Lisbon, ikichelewa saa tatu mnatoka na mabegi baada ya saa sita usiku, na metro inafungwa saa saba usiku.

Ukiichukua, siku yenyewe fungua programu ya kufuatilia ndege, tafuta namba ya safari yenu, kisha angalia ndege hiyohiyo inatokea wapi kuja Schiphol. Kama saa 17:30 bado haijatua, msiharakie getini, kaeni mle.

Bi_Mizigo

Kaka, baki na 12:10. Euro 35 hiyo lipia begi.